Majivu hayawaki mara mbili

Swali: Habari za kazi, Dokta. Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Musoma. Daftari lake la baiolojia linasema katika mnyororo wa chakula ni asilimia 10 tu ya nishati inayopita kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Daftari la fizikia linasema nishati haiumbwi wala haipotei. Aliponiuliza ile asilimia 90 inakwenda wapi, nilimwambia inarudi ardhini kwa mavi na mizoga, halafu nyasi zinaifyonza tena. Akarudi kutoka shule akasema mwalimu amekataa. Nani yuko sahihi? Na la pili: nyumbu wamejaa Serengeti kiasi kile, simba wanashindwa nini kuongezeka? Hata dagaa na sangara tumewabishania: kwa nini dagaa ni wengi hivyo na sangara ni ghali. Baba Neema.

Jibu: Baba Neema, mwalimu yuko sahihi. Ila usione haya mbele ya binti. Jibu ulilompa nimelisoma kwenye karatasi za mitihani ya chuo kikuu mwaka hadi mwaka, kutoka kwa vijana waliofaulu vizuri. Linavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Kuna kitu kinachorudi ardhini kwa mavi na mizoga, na nyasi hukifyonza tena. Kitu hicho si nishati.

Tuanze na jaribio mnaloweza kulifanya uani. Chukua bonge la mavi ya ng'ombe lililokauka kabisa, ulitie moto. Litawaka, na joto lake linatosha kuchemsha chai. Joto hilo lilitoka kwenye jua, likahifadhiwa ndani ya nyasi, nyasi zikaliwa, na sehemu ambayo ng'ombe alishindwa kuimeng'enya ikatoka nyuma ikiwa bado na nishati yake. Moto ukizima unabaki na majivu. Yamwage kwenye tuta la mchicha: mchicha utapata potasiamu na fosforasi, utapendeza. Sasa mwambie binti ajaribu kuyawasha yale majivu. Hayawaki. Madini yamebaki (isipokuwa nitrojeni, ambayo kwa sehemu kubwa imeondoka na moshi), lakini nishati imeshakwenda zake. Ilikuwa joto chini ya sufuria, ikawa joto la hewa ya uani, na usiku ikapanda juu.

Vitu hivi viwili husafiri pamoja ndani ya kila tonge la chakula, na ndiyo maana watu huvichanganya. Madini huzunguka: udongo, jani, mnyama, udongo tena. Nishati hupita mara moja tu. Jani haliwezi kufyonza joto kutoka kwenye udongo likatengeneza nalo sukari, linahitaji mwanga. Kwa hiyo mche unaoota juu ya samadi hupata madini kutoka kwenye samadi, na nishati kutoka kwenye jua jipya la leo.

Sasa hiyo asilimia 90. Badala ya kukupa asilimia, nitakufungulia daftari la hesabu la mnyama mmoja: nyumbu jike mzima mwenye kilo kama 170, kule ng'ambo ya mto Grumeti, siku ya kawaida isiyo na njaa wala neema. Namba zangu ni za kukadiria, lakini ziko mahali pake. Kipimo ni megajuli. Megajuli moja ni sawa na kalori 240 hivi za chakula, kama zile zilizo ndani ya konzi moja ya unga wa mahindi.

Kabla ya nyumbu, nyasi. Mita moja ya mraba ya mbuga hupokea kutoka kwenye jua kama megajuli 20 kwa siku, yaani zaidi ya 7,000 kwa mwaka. Nyasi zinazoota juu ya ardhi kwenye mita hiyo, zikikaushwa na kupimwa, hufika gramu 400 au 500 kwa mwaka kutegemea mvua. Ndani yake mna megajuli saba au nane. Saba kati ya elfu saba! Hata ukiongeza mizizi, na nishati ambayo nyasi zenyewe huitumia kuishi, bado uko chini ya asilimia moja. Sehemu kubwa ya jua haikugusa jani kabisa, nyingine iliakisiwa, nyingine ilikausha maji, na miezi ya kiangazi nyasi zilikuwa zimelala. Tunaposema pale mbugani hapana chakula cha kutosha, jua halipungui hata kidogo. Linalopungua ni maji ya kuliwezesha jani kufanya kazi.

Nyumbu wetu anakula kilo kama nne za nyasi kavu kwa siku. Hizo ni megajuli 68. Karibu nusu, tuseme 34, anazitoa kama kinyesi, maana selulosi ni ngumu hata kwa mnyama anayecheua na kufuga bakteria tumboni. Nyingine kama sita zinatoka kwa mkojo na kwa gesi ya methani anayoibeua. Zimebaki 28. Katika hizo 28, kama 27 anazichoma yeye mwenyewe kwa kuishi tu: moyo unapiga, mapafu yanapanda na kushuka, misuli inatembea kilomita nyingi kutafuta mvua ilikonyesha, na mwili unatunzwa kwenye nyuzi joto 38 hata alfajiri ile ya baridi.

Inabaki megajuli moja, konzi moja ya unga. Hiyo ndiyo nyama mpya, mafuta, mimba au maziwa ya ndama. Hiyo tu ndiyo simba anayoweza kuila kesho. Kiangazi kikikaza hata hiyo haipatikani, na nyumbu huanza kula akiba ya mafuta yake.

Umeona zilikokwenda? Zile 27 zimegeuka joto. Hilo neno "kuchoma" silitumii kama mapambo. Chembe za mwili huchukua sukari, huiunganisha na oksijeni, na hutoa kabonidayoksaidi, maji na joto, sawasawa na kuni zinavyofanya, ila polepole na bila mwali. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la wati kama 100, sawa na zile balbu za zamani za waya. Daladala yenye abiria 30 ni majiko matatu ya umeme ya kilowati moja moja yanayotembea, na ndiyo maana dirisha likifungwa kwa ajili ya mvua mnaanza kutoka jasho kabla ya kituo cha pili. Fizikia ya binti haijavunjwa. Nishati yote ipo, imehesabiwa, ila imetawanyika kwenye umbo ambalo hakuna kiumbe anayeweza kulila. Mwishowe, pamoja na joto lote la ardhi, hupotelea angani. Ukilala Seronera, katikati ya Serengeti, usiku usio na mawingu utalihisi likiondoka. Alfajiri utatafuta sweta.

Hapa naomba nitoe dukuduku langu kuhusu asilimia 10. Daftari la nyumbu limetupa moja katika 68, asilimia moja na nusu hivi. Mamalia na ndege ndivyo walivyo. Kuutunza mwili wenye joto ni gharama kubwa. Samaki, wadudu na mamba hawalipi gharama hiyo, kwa hiyo huweka mwilini sehemu kubwa zaidi ya wanachokula. Mwanasayansi aliyeanzisha hesabu hizi, Raymond Lindeman, alizifanya kwenye ziwa dogo la kinamasi, Cedar Bog Lake, jimbo la Minnesota kule Marekani. Yeye mwenyewe hakupata 10. Alipata kama asilimia 13 kwa walaji wa mimea na 22 kwa wanaowala hao. Alifariki Juni 1942 akiwa na umri wa miaka 26, na makala yake ikachapishwa miezi michache baadaye. Kumi ni wastani wa kufundishia, namba rahisi ya kuzidisha na kugawanya ubaoni. Sina ugomvi nayo mpaka mtu anapoisimamia kama sheria ya Musa.

Nimesema nyumbu alitoa megajuli 34 kwa kinyesi. Vitabu vingi vya shule huziacha hapo, kana kwamba zimemwagwa. Kumbe hapo ndipo karamu kubwa inapoanza. Mbawakawa wanaoviringisha mavi hufika dakika chache tu baada ya kinyesi kudondoka. Wanafuata funza, mchwa, kuvu na bakteria. Kila mmoja huchoma sehemu yake na kutoa joto lake. Kichuguu cha mchwa wanaolima kuvu kina joto ndani, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwenye miili ya mchwa na kwenye ile kuvu wanayoilisha majani na miti iliyokufa. Kisha mvua za kwanza zinanyesha, kumbikumbi wanatoka, na kila mwenye mdomo anafaidi, ndege, mijusi, na sisi wa kanda ya ziwa tunaowakaanga kwa chumvi. Ukila kumbikumbi unakula nishati iliyopita kwenye mti mkavu bila kupitia kwa mnyama yeyote mwenye miguu minne. Njia hii ya waozeshaji, katika misitu mingi, hupitisha nishati kubwa kuliko njia ya walaji wa majani. Serengeti ni ya ajabu kwa sababu wanyama wanafika mapema: vipimo vya miaka ya 1980 vilionyesha kuwa kwa wastani karibu theluthi mbili ya nyasi za juu ya ardhi ziliishia midomoni mwao.

Mahali pazuri pa kuona nishati na madini vikiagana ni mto Mara, ambao unaishia ziwani si mbali na kwenu. Watafiti waliohesabu mizoga ya nyumbu waliozama wakati wa kuvuka waliripoti mwaka 2017 kwamba kwa wastani ni zaidi ya 6,000 kila mwaka, tani kama 1,100. Nyama na matumbo huisha ndani ya wiki chache: mamba, tumbusi, kongoti, samaki, funza. Nishati inakwisha haraka hivyo. Lakini mifupa hukaa takriban miaka saba ikioza polepole na kuachia fosforasi majini muda wote huo, wakati joto la yule nyumbu lilishatoweka msimu ule ule aliozama.

Na viboko je? Usiku wanakula nyasi nchi kavu, mchana wanajisaidia majini. Kwenye sehemu ya mto huo iliyo Kenya peke yake, viboko zaidi ya 4,000 humwaga tani kama 36 za kinyesi kibichi kila siku. Bakteria wanapoichoma nishati hiyo wanahitaji oksijeni, na kwenye madimbwi yenye viboko wengi oksijeni huisha kabisa wakati wa kiangazi. Mvua ikishuka ghafla na kuyasukuma yale maji mazito chini, samaki hufa. Mtu akiwaona wanaelea hufikiri ni sumu iliyotiwa. Mara nyingine ni moto huu huu usio na mwali uliokula hewa ya mtoni.

Kuna mlaji mwingine ambaye hamumwandiki kwenye mnyororo, naye ni moto wenyewe, ule wa mwali. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilienea Afrika Mashariki, ikaua ng'ombe na nyumbu na nyati kwa wingi. Iliendelea kuwaua ndama wa nyumbu kwa miongo mingi, mpaka chanjo za ng'ombe pembezoni mwa mbuga zilipoikata. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa kama 250,000. Kufikia 1977 walikuwa wamevuka milioni 1.3, na wamekaa karibu na hapo tangu wakati huo. Kilichotokea kwenye nyasi ndicho ninachotaka ukitazame. Zamani nyasi ambazo hazikuliwa zilikauka zikaungua, eneo kubwa sana kila kiangazi. Nyumbu walipoongezeka walizila kabla hazijakauka, moto ukapungua, na miti michanga iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapata nafasi ya kukua. Nishati ile ile iliyokuwa ikitoka kama moto ilianza kutoka kama joto la migongo ya nyumbu. Kwa upande wa joto angani hakuna tofauti kubwa. Kwa upande wa viumbe tofauti ni ya mbingu na ardhi, kwa sababu moto hauzai ndama.

Haya, simba. Hapa usitarajie nikubaliane na jibu la piramidi ya nishati peke yake, yaani kwamba kila ngazi ya walaji hupata nishati kidogo kuliko ile iliyo chini yake, ingawa ndilo linalotakiwa darasani.

Serengeti ina simba kama 3,000. Kila mmoja anahitaji kati ya kilo tano na saba za nyama kwa siku, kwa hiyo wote pamoja wanataka tani kama 18 kila siku. Piramidi inaeleza vizuri kwa nini simba hawawezi kuwa milioni: chukua ile konzi moja ya unga kwa kila nyumbu, kisha umlishe mnyama mwenye damu moto mwenye kilo zaidi ya 100 ambaye naye atachoma karibu yote. Inaeleza pia kwa nini hakuna mnyama anayeishi kwa kuwinda simba. Hesabu haifiki. Na inaeleza uvivu wao. Watalii hulalamika kwamba simba wamelala tu. Mnyama ambaye chakula chake kinapatikana kwa shida namna ile akikimbia kimbia ovyo atafilisika. Analala hadi saa 20 kwa siku.

Lakini nyumbu milioni 1.3 huzalisha nyama nyingi kuliko simba hao wanavyokula, mara kadhaa. Sasa ziada inakwenda wapi, na kwa nini simba wasiongezeke waimalize? Jibu ni kalenda. Februari nyumbu wako kusini, upande wa Ndutu, wanazaa kwa pamoja ndani ya wiki chache. Simba wa hapo wanashiba mpaka matumbo yanaburuzika. Mvua zikikatika kundi linaondoka kwenda magharibi, kisha kaskazini mpaka Mara. Simba jike mwenye watoto hawezi kulifuata; ana himaya yake, na akitoka atakutana na meno ya simba wengine. Anabaki na ngiri, nyati wachache na swala, na watoto wake wengi hufa njaa katika miezi hiyo. Idadi ya simba inapangwa na mwezi wao mbaya zaidi. Nishati ya Februari haimsaidii mtoto wa simba wa Septemba, maana simba hana ghala.

Mamba wa Grumeti analo, kwa namna yake. Hatunzi joto la mwili, kwa hiyo anaweza kushiba nyumbu kisha akakaa miezi bila mlo wa maana, akisubiri kundi lirudi mwakani. Huyo ndiye aliyeielewa kalenda.

Na nyumbu wenyewe? Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya nyumbu waliokutwa wamekufa walikuwa wamedhoofika kwa lishe duni. Simba hawawapangii idadi yao. Nyasi za kiangazi ndizo zinazowapangia. Mizoga inakwenda kwa tumbusi, ambao hupaa juu ya hewa moto wakiona mbali bila kupiga mbawa, safari karibu ya bure, na ndiyo maana wao wanaweza kulifuata kundi ambalo simba hawezi kulifuata.

Kuhusu dagaa na sangara, nitakuwa mfupi. Dagaa hula viumbe vidogo vinavyoelea majini, ambavyo navyo hula mwani. Sangara hula dagaa, furu, uduvi, na hata watoto wake mwenyewe. Kwa hiyo kilo ya sangara imekula kilo kadhaa za samaki wadogo, na ziwa linaweza kutoa dagaa wengi zaidi kuliko sangara kwa mwani ule ule. Ila bei ya sangara sokoni usiifafanue kwa ikolojia peke yake. Viwanda vya minofu na wanunuzi wa mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) wana sehemu yao. Lile linalonikereketa ni dagaa kusagwa kuwa chakula cha kuku. Kuku ana damu moto. Unachukua samaki anayeliwa mzima mzima, kichwa na mifupa, unampitisha kwenye tanuri linalotembea, kisha unakula kilichobaki. Kuku ana faida zake, nakubali, na mimi mwenyewe sikatai paja. Lakini hesabu ni hiyo.

Mwisho, mtihani. Binti akiulizwa aandike asilimia 10, asianze kubishana na msahihishaji kwa ajili yangu. Mishale aichore ikielekea kwa anayekula, nyasi kwenda kwa nyumbu, nyumbu kwenda kwa simba. Wengi huigeuza kwa kudhani inaonyesha nani anamshambulia nani. Kisha kutoka kwenye kila ngazi achore mshale mwingine unaotoka nje ya mchoro, auandike "joto". Na asiusahau wa waozeshaji. Madini ya waozeshaji ayapeleke kwenye udongo kwa mshale wa rangi nyingine, urudi mpaka kwenye nyasi. Hapo patakuwa na jibu lako, Baba Neema, kwenye rangi yake.